Tarumbeta likigoma kuanza kwa upole: dalili, chanzo na dawa yake

Tulikuwa kwenye mazishi Old Moshi, huku Kilimanjaro, jeneza likiwa tayari juu ya kamba. Mchungaji alitugeukia akatupa ishara: ubeti wa kwanza, taratibu. Tulikuwa wapigaji sita. Nikavuta pumzi, nikaweka ulimi, nikaachia, na tarumbeta langu likatoa hewa tupu. Noti yenyewe ilikuja nyuma ya wenzangu, tena imepasuka. Mama wa marehemu aliinua uso akatuangalia.

Usiku ule sikulala vizuri. Chombo kilikuwa kizima, midomo mizima, na ile "so" ya katikati nilikuwa nimeshaipiga mara zisizohesabika. Jana yake tu tulikuwa juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukisindikiza maharusi kuanzia Kiboriloni hadi ukumbini, na noti zote zilitoka. Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili moja, kwangu mwenyewe na kwa vijana ninaowafundisha: kwa nini tarumbeta linalotii likipigwa kwa nguvu linagoma ukiliomba kwa upole?

Wengi wetu hukimbilia kuulaumu ulimi. Tunaambiwa "piga ulimi vizuri", basi tunaupiga. Kwa ninavyoona, ulimi ndio mara chache unakuwa na kosa. Ulimi ni mlango tu. Tatizo huwa kwenye pumzi iliyo nyuma yake, au kwenye sikio ambalo halijaisikia noti kabla haijaanza, na wakati mwingine kwenye kipande cha raba kilichochakaa. Tuanze na hicho cha mwisho, kwa kuwa ndicho rahisi kukithibitisha.

Ni chombo au ni wewe?

Badilishana tarumbeta na mwenzako, kila mtu abaki na mausipisi yake, kile kipande cha kuwekea midomo. Pigeni "so" ya katikati, ile isiyobonyeza pistoni yoyote, kwa sauti ya chini kabisa, mara 10 kila mmoja. Ukiona kwenye chombo chake unaanza safi na yeye kwenye chako anahangaika, usipoteze mwezi mzima kwenye mazoezi. Chombo kinavuja au kimeziba.

Mvujo mdogo hausikiki ukipuliza kwa nguvu, maana hewa ni nyingi. Ukipuliza kidogo, huo mdogo unakuwa mkubwa. Pa kuangalia kwanza ni pale pa kutolea maji, kwenye kile kitufe chenye springi. Kile kizibo chake cha raba kikichakaa, au springi ikilegea, kinaachia hewa. Kibane kwa kidole kwa nguvu huku mwenzako anapuliza noti ya chini taratibu. Noti ikianza vizuri zaidi ukiwa umekibana, umempata mwizi. Kubadilisha kizibo ni kazi ya dakika chache.

Kisha pistoni. Bila kubonyeza chochote, vuta nje bomba dogo la pistoni ya tatu mpaka likaribie kutoka, subiri sekunde mbili tatu, halafu bonyeza pistoni hiyo. Ukisikia "pop", hewa ilikuwa imebanwa vizuri. Kama kimya, pistoni imelika au imekauka mafuta. Tia mafuta ya pistoni yenyewe, urudie. Na tafadhali, si mafuta ya kupikia. Nimeshafungua tarumbeta la kijana mmoja nikakuta pistoni zimenata kama sufuria ya jana, na yeye alikuwa amekaa miezi akidhani hana kipaji.

Mwisho chomoa lile bomba kubwa la kurekebishia sauti, uelekeze bomba la kuingizia hewa kwenye mwanga, uchungulie. Ukiona ukungu wa kijani au utando, hicho ni chakula. Sisi wa matarumbeta ya harusi tunapewa pilau na soda, halafu tunarudi kupuliza bila hata kusukutua. Toa pistoni zote kwa mpangilio wake, osha mabomba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, pitisha brashi laini ya bomba, suuza, kausha. Maji ya moto usitumie, yanaweza kubandua rangi ya juu.

Kama chombo kimepita mitihani yote hiyo, sasa turudi kwako.

Hewa inatangulia, sauti inafuata

Hii ndiyo iliyonipata Old Moshi, na ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Unasikia "fff", halafu noti. Ukipiga kwa nguvu haipo. Ukipunguza sauti, inarudi.

Chanzo chake kikubwa ni midomo kuachana. Ukipuliza kwa nguvu, wingi wa hewa unaipeleka midomo na kuitikisa hata kama ilianza mbali. Ukipuliza kidogo, hewa inapita katikati ya lile pengo bila kuigusa, kama mtu anayepita mlango ulio wazi. Midomo inangoja mpaka hewa iongezeke ndipo itikisike. Huko kungoja ndiko unakokusikia kama "fff".

Basi kabla ya kuweka mausipisi, tamka "m", kama unavyoanza neno "mama". Sikiliza jinsi midomo inavyogusana: haikubanwa, haikukunjwa ndani, imekutana tu. Midomo ikikaa hivyo ndipo uanze. Kosa la pili kwa wengi ni kwamba wakitaka sauti ndogo wanalegeza kila kitu, na hewa nayo wanailegeza. Sauti ndogo inataka hewa nyembamba, lakini inayotembea. Ukikaa mlimani huku umeshaona mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, unavyokuja kutoka juu: mwingine mwembamba kama kiganja, lakini kwenye mteremko maji yanakimbia. Ndivyo pumzi yako iwe. Upana upungue, mwendo ubaki.

Na mfongo huohuo ndio unaonisaidia kueleza kazi ya ulimi. Zamu yako ya maji ikifika, huendi kuyasukuma maji. Unaondoa udongo na migomba uliyozibia, basi, maji yanaingia shambani kwa sababu yalikuwa yanakuja tangu mwanzo. Ulimi ni lile donge la udongo. Kazi yake ni kutoka njiani. Noti inaanza kwa ulimi kurudi nyuma, wala si kwa ulimi kugonga mbele. Ukilielewa hili kwa mwili wako, nusu ya safari umeimaliza.

Zoezi lake ni kuutoa ulimi kazini kwanza. Piga "so" ya katikati kwa pumzi tupu, kama unasema "huu", kwa sauti ya chini, noti moja ya sekunde mbili hivi. Pumzika. Rudia. Siku za mwanzo itachelewa, itakwaruza, mara nyingine haitatoka kabisa. Usirudishe ulimi kuificha aibu hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo hali halisi ya midomo na pumzi yako, ulimi ulikuwa unaifunika tu. Endelea kurekebisha ile "m" mpaka katika mara 10 upate 7 au 8 safi. Hapo ndipo uongeze ulimi, mwepesi, bila kubadilisha kitu kingine. Utashangaa jinsi noti inavyokaa.

Dakika 5 kwa siku zinatosha, lakini ziwe kila siku. Anzia sauti ya kawaida, teremka kidogo kidogo mpaka ufike mahali noti inapokataa. Panda hatua moja, ufanyie kazi hapohapo mpakani. Mpaka huo utasogea wenyewe.

Noti inalipuka

Hapa ni kinyume chake. Umetaka "duu" ya upole, imetoka "TAA", halafu sauti inashuka ghafla.

Kuna binti mmoja kwenye kundi letu, ana sikio zuri kuliko wengi. Kila ubeti wa upole alikuwa analipua noti ya kwanza. Nikamwambia, "Mwanangu, usipige. Vuta pumzi kama unataka kupiga, halafu baki hapo." Akavuta pumzi, akafunga koo, mishipa ya shingo ikasimama. Nikamwuliza, "Unasubiri nini?" Akasema, "Nasubiri wakati wangu ufike, mwalimu." Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Alikuwa anajaza hewa nyuma ya ulimi na kuifungia. Turudi kwenye mfongo: ukiziba maji mpaka yakajaa, siku ukifungua hayaingii shambani kwa adabu, yanabeba na miche.

Dawa ni kufuta ule muda wa kusubiri. Pumzi iingie na itoke bila kituo katikati, kama gurudumu la baiskeli linavyopita juu na kuanza kushuka. Kama wimbo unahesabiwa nne, usivute pumzi mapema ukakaa nayo. Vuta katika hesabu ya tatu na ya nne, na pumzi inapogeuka, hapo ndipo moja. Fanya kwanza bila chombo, kiganja mbele ya mdomo, uhisi hewa inavyofika. Ikifika kama kofi, umefunga. Ikifika kama upepo wa mlangoni, sawa. Yule binti alichukua wiki tatu, maana mazoea ya koo ni magumu kuyavunja kuliko ya vidole.

Ulimi wenyewe pia uangaliwe. Kiswahili kimetupa herufi nzuri kwa kazi hii. Tamka "tulia", usikie ncha ya ulimi inagusa wapi: juu, kwenye ufizi, nyuma tu ya meno ya mbele. Tamka "dunia": mahali palepale, ila laini zaidi. Kwa sauti ya chini mimi huanza na "du". Kama ulimi wako unatoka mpaka katikati ya meno na kugusa midomo, unaizuia midomo isitikisike kisha unaiachia kwa mshtuko, ndiyo maana inalipuka. Na inayogusa ni ncha tu. Ukigusa kwa bapa la ulimi, unafungua lango zima badala ya dirisha.

Noti inapasuka, au inaangukia kwa jirani

Ulitaka "do" ya juu, imetoka "so" ya chini yake, au imegusa zote mbili njiani. Vidole ni vilevile, kwa hiyo chombo hakiwezi kukusaidia kuchagua. Wa kuchagua ni wewe, na unatakiwa uwe umechagua kabla.

Jambo hili lilinifumbua macho nilipolipigia hesabu. Tarumbeta la kawaida la B bapa, ukilinyoosha, bomba lake lina urefu wa karibu mita 1.5. Mtikisiko unaoanza midomoni unasafiri hadi kwenye mdomo mpana wa chombo, na sehemu yake kubwa inarudi kukutana na midomo. Huko kurudi ndiko kunakoifanya noti ishike, ndipo unapohisi chombo "kimekupokea". Kwenda na kurudi ni karibu mita 3, na sauti inasafiri mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo inachukua sehemu kama 9 za 1,000 za sekunde. Ni kufumba na kufumbua, lakini kwa midomo ni muda. Kwenye "so" ya katikati midomo inatikisika karibu mara 350 kwa sekunde, maana yake inatikisika mara 3 peke yake kabla ya msaada wowote kufika. Kwenye "do" ya juu yake ni mara 4, kwenye "mi" mara 5, na "so" ya juu mara 6. Kadiri unavyopanda ndivyo midomo inavyokaa peke yake kwa mitikisiko mingi zaidi, na huko juu noti jirani zimesogeleana. Mtikisiko ule wa mwanzo ukianza kwenye sauti isiyo yake, bomba linakurudishia noti nyingine, na hapo ndipo unapousikia mpasuko.

Kwa hiyo midomo inatakiwa ijue noti kabla chombo hakijasema chochote. Na njia pekee ya midomo kujua ni sikio kujua. Imba. Siyo moyoni kwanza, imba kwa sauti, "do, so, do, mi", halafu chukua mausipisi peke yake uvumishe midomo kwenye noti ileile uliyoimba, ndipo uweke kwenye tarumbeta. Kijana anayeniambia "mimi siimbi, mimi napiga tu" huwa namrudisha kwenye kwaya mwezi mmoja, na sijawahi kujuta. Waliolelewa kwenye kwaya za sauti nne wanapasua noti kidogo kuliko wengine, kwa sababu wameshazoea kubeba noti kichwani wakisubiri zamu.

Noti haianzi kabisa

Wakati umefika, pumzi ipo, ulimi upo, na hakuna kinachotokea. Ni kama kigugumizi. Mara nyingi ni ndugu wa ile ya kulipuka: koo limefungwa, ila huyu hathubutu kufungua. Wapigaji waangalifu, wanaoogopa kukosea, ndio hupatwa. Usimkemee, utaongeza kufuli. Mwache aanze noti wakati anatembea, kila hatua ya nne "du", bila kujali ubora. Mwili unaotembea haushiki pumzi kirahisi. Ikirudi kwenye hali yake, asimame na kuendelea.

Alfajiri ya baridi

Ibada ya kwanza mwezi wa sita huko Machame au Marangu, umande bado uko kwenye migomba, na chombo kimelala kwenye gari. Noti zote zinaanza vibaya na unajiuliza jana umekula nini.

Hewa iliyo ndani ya bomba ikipoa kwa nyuzi 10, sauti ya chombo inashuka karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio lako na midomo yako inalenga palepale pa siku zote, lakini bomba limehama. Mnapishana, noti inakwaruza. Wengi hubana midomo ili kuivuta juu, na hapo ndipo inapokataa zaidi. Pasha chombo moto kwanza: puliza hewa ya vuguvugu polepole bila sauti, kama unapasha viganja, huku umebonyeza pistoni moja moja ili mabomba yote yapate. Mausipisi ikae mfukoni mpaka dakika ya mwisho. Maji yatajaa haraka kuliko kawaida, yatoe kabla ya ubeti wa upole, kwani tone moja linatosha kuifanya noti iguruguru.

Baada ya harusi

Umepiga saa mbili juu ya gari, umeshindana na spika na pikipiki, halafu kesho asubuhi unatakiwa kanisani. Angalia kioo: kama kuna alama nyekundu ya duara kwenye mdomo wa juu ambayo haijaondoka, midomo imevimba. Mdomo uliovimba ni mzito, unataka hewa nyingi ili utikisike, na hewa nyingi ndiyo usiyokuwa nayo kwenye sauti ya chini. Hapo hakuna zoezi la kuutibu isipokuwa kupumzika. Asubuhi piga noti za chini, laini, ndefu, dakika chache, basi. Tatizo la kudumu ni kugandamiza mausipisi usoni. Kwenye gari linalotikisika kila mtu hugandamiza, nakubali, ndiyo maana nimewaomba wenzangu tupokezane: watatu wanapiga, watatu wanapumzika. Watu wanaocheza nyuma ya gari hawajawahi kulalamika.

Peke yako safi, kundini unachelewa

Nyimbo za sauti nne za Kijerumani, ambazo wamisionari wa Leipzig walikuja nazo Kilimanjaro kuanzia mwaka 1893, nyingi huanza na sauti zote nne kwa mara moja. Hakuna ngoma ya kukutangulia. Ukiangalia mkono wa kiongozi ndipo uanze, umeshachelewa, kwa sababu pumzi yako ilitakiwa iwe imeanza safari. Na kuchelewa kunakufanya uharakishe, kuharakisha kunafunga koo, na unarudi kwenye kulipuka.

Sisi sasa hatuangalii mkono. Anayeongoza ni mpigaji wa sauti ya kwanza, na anavuta pumzi waziwazi, kwa mwendo uleule wa wimbo, mabega yakionekana. Sote tunavuta naye, na pumzi yake inapogeuka yetu inageuka. Wa besi tunawaambia waanze kuachia hewa mapema kidogo, maana bomba lao ni refu mara kadhaa kuliko la tarumbeta na linachukua muda kushika. Kabla ya kwenda makaburini tunasimama kwenye duara nje ya kanisa, vyombo chini, tunaimba noti ya kwanza kila mtu sauti yake, tunanyamaza, tunavuta pumzi pamoja mara tatu bila kupiga. Mara ya nne tunapiga ile noti moja tu, halafu tunapanda gari.